Kidole Gumba na Pembe ya Tandiko

Ukishikana mkono na wazee waliomalizia ujana wao kwa ng'ombe kule kaskazini mwa Texas, mara mojamoja utahisi kitu kimepungua. Kiganja ni kipana, kigumu kama gome la mti, lakini pale gumba linapotakiwa kubana hakuna kitu. La kwangu lipo, ila halikunji vizuri, na ukucha wake umeota upande. Watanzania wenzangu wakiuliza, nawajibu kwamba ni kamba. Wanacheka. Kamba gani inakata kidole?

Basi nieleze. Tandiko la kauboi lina kifundo kimesimama mbele, karibu na mabega ya farasi. Wenyewe wanakiita pembe. Si urembo, na wala si cha kushikilia usianguke, ingawa mimi miezi mitatu ya kwanza nilikitumia hivyo bila aibu. Kazi yake ni kukamata kamba. Ukishamtia ng'ombe tanzi, unazungusha kamba kwenye ile pembe mara mbili au tatu, na tangu hapo anayevuta si wewe tena, ni farasi wa kilo 500. Kitendo hicho wanakiita dali. Ni neno la Wameksiko, dale vuelta, yaani "zungusha", Wamarekani wakalikatakata mpaka likabaki hilo.

Kuzungusha kwenyewe ni kazi ya nusu sekunde, na sheria yake ni moja: gumba liangalie juu. Likiangalia chini, kamba inaweza kulilaza juu ya pembe, na ng'ombe akifika mwisho wa kamba, kamba hukaza. Upande mmoja kuna farasi, upande wa pili kuna ng'ombe, na katikati kuna kidole chako. Ndiyo maana Texas wengi hawataki dali kabisa. Wao huifunga ncha ya kamba kwenye pembe kabla hawajaanza kumfukuza ng'ombe. Vidole vyao vinapona, lakini wakimnasa ng'ombe aliyewazidi nguvu hawawezi kumwachia. Kila mmoja na hatari aliyoichagua.

Mimi nilifundishwa dali, kwa sababu aliyenifundisha alikuwa mzee wa Chihuahua, Meksiko. Lakini hapo nimekimbilia mbele.

Kwetu ni Kongwa, Dodoma. Wanaopenda historia wanaijua kwa karanga: mwaka 1947 Waingereza walimwaga matrekta pale kulima karanga kwenye nchi ambayo mvua yake haina ahadi, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa. Kilichostawi baadaye ni ng'ombe. Baba yangu alichunga Boran wa ranchi kwa miaka mingi, kwa miguu, na fimbo moja na mluzi. Farasi mimi nilikuwa nimemwona kwenye gwaride la polisi tu, tena kwa mbali. Nikashinda ile bahati nasibu ya grinikadi, nikapelekwa na jamaa niliyemfahamu mpaka Amarillo, kwa sababu pale kulikuwa na kazi ya kiwanda cha nyama, kazi isiyouliza Kiingereza kingi. Kwenye mstari ule wa visu utakuta Mkongo, Msomali, Mburma na Mgwatemala wamesimama bega kwa bega. Nilikaa miezi kumi na nne. Baridi ya mle ndani na kisu kilekile, mkato uleule, mara elfu kwa zamu. Nikaanza kuota ng'ombe wazima.

Kilomita chache kutoka mjini kuna mazizi ya kunenepeshea. Kwetu tunajua unenepeshaji wa ng'ombe hamsini, mia. Kule unasimama juu ya tangi la maji huoni mwisho: zizi baada ya zizi, kila moja na ng'ombe mia moja au mia mbili, wanaingia wakiwa na kilo mia tatu na kitu na kutoka na mia sita. Nilikwenda kuomba kazi ya kufagia mabwawa ya kunyweshea. Msimamizi, mtu wa maneno machache, aliniuliza kama nawajua ng'ombe. Nikamwambia baba yangu ni mchungaji. Akaniuliza kama najua kupanda farasi. Nikasema ndiyo.

Uongo ule ulidumu dakika nne. Farasi jike mzee, mwenye rangi ya majivu, aliondoka taratibu tu, mimi nikaondoka upande mwingine. Msimamizi hakucheka. Alimwita mzee wa Chihuahua, akamwonyesha mimi kwa kidole kama mtu anayeonyesha lango lililovunjika, akaenda zake.

Kazi waliyonipa hatimaye ni ya kupita mazizini kila alfajiri juu ya farasi kutafuta wagonjwa. Maelfu ya ng'ombe kwa siku, ninyi watu watatu wanne. Ukisikia hivyo unafikiri ni kazi ya kukimbia, kumbe ni kazi ya macho. Ng'ombe ni mnyama wa kuliwa. Kwa damu yake anajua kwamba simba huanza na anayechechemea. Ukiingia zizini, mgonjwa ndiye wa kwanza kuinua kichwa na kujifanya mzima. Lazima umwone kabla hajakuona. Masikio yamelegea kidogo. Ubavu wa kushoto, pale juu, umebonyea, maana yake asubuhi hakwenda kwenye kihori. Wenzake wamenyanyuka na kujinyoosha, yeye kanyanyuka bila kujinyoosha. Akishaanza kukohoa na kutoa makamasi kila mtu anamwona, na kwa homa ya mapafu ya mazizini hapo mara nyingi umechelewa.

Hayo nilikuwa nayajua. Sikujua kwamba nayajua. Baba alikuwa ananitembeza kati ya ng'ombe jioni, mimi mtoto wa miaka minane, ananiuliza, "Nani leo hakushiba?" Nikikosea ananirudisha mwanzo. Wiki ya tatu pale Texas nilimwonyesha mzee wa Chihuahua maksai mmoja mweusi kati ya weusi mia moja na arobaini. Akamtazama sana. Tulipomtoa, kipimo kikasoma homa. Mzee hakunisifu, ila kuanzia siku ile alianza kunifundisha kamba, na kwake yeye hiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko maneno.

Na kwenye kamba ndiko ujinga wangu ulikokaa.

Kamba ya kauboi haina ulegevu wa katani. Ni ya nailoni iliyosokotwa ikakaza, urefu wa mita tisa au kumi na moja, ngumu kiasi kwamba ukiishika mkononi tanzi lake linasimama lenyewe kama pete. Kuitupa unaweza kujifunza kwa majira mawili ya joto, ukitumia ndoo, kisha gogo, kisha mbuzi wa jirani, jirani mwenyewe akiwa hayupo. Tatizo linaanza hapo unapoweza kuitupa, kwa sababu ukiweza unataka. Kila ng'ombe unamwona shingo na miguu ya nyuma. Nilianza kuwatia tanzi wagonjwa ambao wangetoka wenyewe kwa hatua tano za farasi. Msimamizi akaniona. Akaniambia maneno ambayo nimeyatafsiri mara nyingi kichwani: ukitoa kamba, ni kwamba kuna jambo ulishalikosea dakika mbili kabla. Ng'ombe aliyekimbizwa anaacha kula. Anapoteza kilo. Kilo ni dola. Zaidi ya hapo, kesho ukija atakuwa amekukumbuka.

Miaka miwili pale, kwa kazi halali, nadhani nilihitaji kamba mara zisizofika ishirini.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anaambiwa aingie uwanjani kushindana.

Watu wengi wakisikia rodeo wanawaza ile ya televisheni, fahali anarusha mtu, kengele sekunde ya nane, mshindi anaondoka na mkanda wenye bamba la fedha. Ile ni michezo ya wataalamu wanaozunguka nchi nzima, na fainali yao kubwa hufanyika Las Vegas kila mwezi Desemba. Ninayoizungumzia mimi ni rodeo ya ranchi. Humo huingii peke yako, mnaingia timu ya watu wanne mpaka sita wa ranchi moja, na mnashindanishwa kwa kazi ambazo Jumatatu mtazifanya tena. Chama chao kikubwa kiliundwa mwaka 1995, kina makao palepale Amarillo, na fainali yake hufanyika mjini humo kila Novemba. Sharti ninalolipenda kuliko yote ni hili: anayeingia lazima awe mtu anayefanya kazi ya ranchi. Huwezi kuajiri bingwa wa Las Vegas ukamvalisha shati lenu. Chama hicho pia kina mfuko wa kuwasaidia kauboi walioumia na familia zao, jambo ambalo nilipolisikia mara ya kwanza nililipita, la pili nikalisikiliza vizuri.

Kihistoria hii ya ranchi ndiyo mama. Pecos, huko huko Texas, wanasema kwao ndiko yalikoanzia yote, Julai 4 mwaka 1883, vijana wa ranchi mbalimbali walipobishana nani fundi zaidi wa kamba na wa kupanda, wakaamua kumaliza ubishi barabarani mbele ya watu. Prescott ya Arizona nao wana madai yao, ya mwaka 1888. Ugomvi wa Simba na Yanga, tuwaachie.

Mwaka wangu wa pili msimamizi akasema tuna timu, tunakosa mtu mmoja. Ilikuwa rodeo ndogo ya wilaya, jukwaa la mbao, harufu ya nyama ya kuchoma na vumbi, watoto wamevaa kofia kubwa kuliko vichwa. Eneo lile lote lilikuwa la ranchi ya XIT zamani, ekari milioni 3 ambazo serikali ya Texas iliwapa matajiri wa Chicago ili wao wajenge jengo la bunge kule Austin. Ranchi ilianza 1885, na ng'ombe wake wa mwisho wakauzwa 1912. Mtu wa Kongwa akisikia habari za miradi mikubwa iliyokuja na kuondoka, anajisikia nyumbani.

Ya kupanda farasi mkali sitaieleza kwa urefu kwa sababu sikuigusa. Nitasema tu kwamba huku hutumii lile tandiko maalumu la mashindano lisilo na pembe. Unapanda na lako, lililokuleta kazini. Kijana wetu mmoja alikaa sekunde nane, akashuka, akatapika nyuma ya trela, akarudi kutusaidia.

Kupiga chapa ndiko nilikopenda. Uwanjani hakuna moto, chuma ni cha baridi kilichochovywa kwenye unga mweupe, lakini mengine yote ni kama kweli. Kundi la ng'ombe na ndama wao linashikiliwa upande mmoja. Mmoja wenu anaingia na farasi taratibu, anamnasa ndama aliyetajwa kwa miguu ya nyuma, anamburuta mpaka mlipo. Hapo mnamsubiri wawili. Mmoja anashika kamba, mwingine mkia, mnavuta kila mtu upande wake, na ndama analala kama mlango ulioondolewa bawaba. Ukimvuta kwa ubavu peke yako utahangaika naye dakika nzima, tena ana kilo mia tu. Akishalala, wa nyuma anakaa chini, anashika mguu wa juu kwa mikono miwili na wa chini anausukuma kwa kisigino cha buti. Wa mbele anaweka goti shingoni na kukunja mguu wa mbele. Ndama anatulia. Anayepiga chapa anapita, mwamuzi anaangalia, kamba inafunguliwa, ndama anarudi kwa mama yake akiwa na alama ya unga ambayo jioni itakuwa imefutika.

Niliwahi kwenda kwenye yenyewe, ya masika, kwa jirani mwenye ranchi. Ndama karibu mia tatu kabla ya saa sita mchana. Sindano, kuhasi, chapa ya moto, moshi wa manyoya ukikukaa kooni. Majirani wanakuja na farasi wao, hakuna anayelipwa, mwenye nyumba anapika, na wiki ijayo ni zamu yake kwenda kwa mwingine. Kwa nini uandike mkataba wa msaragambo? Pale nilielewa kwa nini uwanjani timu hushindwa. Wenye nguvu wanapishana na kugongana, na wale wanaofanya kazi pamoja kila siku hawahitaji hata kuangaliana.

Kutenga ng'ombe watatu kati ya thelathini ndiko nilikowalipa wenzangu deni la kunivumilia. Ng'ombe wamebandikwa namba mgongoni, kila namba kwa ng'ombe watatu. Mwamuzi anataja namba, labda saba, na mna dakika mbili kuwatoa saba wote watatu na kuwaingiza kizizi kilicho upande wa pili, bila wengine kuvuka mstari. Timu zilizotutangulia ziliingia kwa kelele na kofia. Kundi likapasuka kama kuku walioona mwewe.

Baba alikuwa na namna ya kusema: bega la ng'ombe ndiyo mlango. Ukisimama nyuma ya bega anakwenda mbele, ukisogea mbele ya bega anarudi nyuma. Na kila ng'ombe ana uwanja wake unaomzunguka, ambao ukiukanyaga anaondoka na ukitoka anasimama. Wamarekani wameandika vitabu kuhusu hilo, na wako sahihi. Mimi niliingia na yule jike wa rangi ya majivu, hatua, hatua, simama. Saba wa kwanza alikuwa kando, alijitoa mwenyewe. Wa pili nilimwangalia tu. Niseme ukweli, hapa aliyefanya kazi zaidi ni farasi. Alimwona saba wa tatu kabla yangu, akalaza masikio, akashusha kichwa, na mimi nikaacha hatamu zilegee kama nilivyoelekezwa. Watu hawakupiga makofi sana kwa sababu hakukuwa na cha kutazama. Tulikuwa wa pili kwa muda.

Baadaye mzee mmoja mweusi mwenye masharubu meupe alinifuata kwenye foleni ya soda. Alitaka kujua nimetoka wapi. Nilipomwambia, akaniambia habari za Bose Ikard, mtu aliyezaliwa utumwani, akaja kusafirisha makundi ya ng'ombe na Charles Goodnight, mfugaji mkubwa wa Texas, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Goodnight alimwamini kuliko benki, fedha za mauzo alimpa yeye azibebe. Ikard alipofariki mwaka 1929, Goodnight alimsimamishia jiwe la kumbukumbu huko Weatherford. Nimekwenda kuliona. Yule mzee alisema watu wanashangaa kumwona mtu mweusi na kofia ile, ilhali zamani makundi yale hayakuendeshwa bila sisi. Alisema "sisi", akinihesabu na mimi. Sikumsahihisha.

Halafu ikaja ya kukamua, aibu yangu.

Anatolewa ng'ombe jike wa nyama, aliyezaa karibuni, ambaye maishani mwake hajawahi kuguswa kiwele na binadamu. Mmoja juu ya farasi anamtia tanzi. Wawili, watatu, wanamrukia kichwani na mkiani kumshikilia. Mkamuaji ana chupa ya bia. Matone machache tu yanatosha, anakimbia mpaka kwa mwamuzi, mwamuzi anageuza chupa, kikidondoka kitu umefuzu. Timu nzima ilikubaliana bila kura kwamba mkamuaji ni mimi. Mtu wa Tanzania! Mtoto wa mchungaji!

Nilikamua. Kushoto, kulia, mbele, nyuma. Chuchu ilikuwa laini na tupu kama kidole cha glavu. Ng'ombe ananizungusha, kijana aliyeshika mkia anapita hewani, jukwaa zima linapiga kelele, na mimi nimeinama nasema naye Kigogo, nambembeleza. Dakika mbili zikaisha. Nilipeleka chupa hivyohivyo, kwa heshima ya kazi. Mwamuzi akaigeuza. Likatoka vumbi.

Sikuupenda mchezo ule, na si kwa sababu nilishindwa. Mengine yote pale nayaona yana maana kazini. Huu, hata wenyewe wanakubali, umebaki kwa ajili ya kicheko. Ng'ombe yule alitoka ulimi nje. Nilimwambia msimamizi maoni yangu, akasema ndio unaojaza jukwaa, na viingilio vya jukwaa ndivyo vinavyochangia watoto wa kauboi kusoma. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina zuri.

Mwaka uliofuata nilirudi na kiburi. Nilikuwa nimekaa majira yote ya baridi natupa kamba. Mchezo ulikuwa wa kukamata maksai aliyepotea: anaachiwa, mnamnasa kichwa, mwingine anamnasa miguu ya nyuma, mnamlaza, mnamfunga. Nikaomba kichwa. Mzee wa Chihuahua akaniuliza kama nina uhakika, mara mbili, na mtu wa aina yake akikuuliza jambo mara mbili amekwisha kukujibu.

Tanzi lilikwenda vizuri. Nakumbuka nilivyoliona likikaa juu ya pembe zake, nikafurahi, na furaha ile ndiyo iliyonimaliza, maana nilikuwa bado naangalia tanzi wakati mkono wangu unazungusha kamba. Saa ya uwanjani ilikuwa inahesabu. Nilizungusha kama mtu anayefunga mzigo wa basi, gumba chini. Maksai akafika mwisho wa kamba. Sikusikia maumivu. Nilisikia mlio mdogo, kama kuni kavu. Yule jike wa rangi ya majivu akasonga mbele hatua mbili bila kuambiwa, kamba ikalegea, nikatoa mkono. Glavu ilibaki kwenye pembe. Ndani ya glavu ulibaki ukucha na kipande cha ngozi, na siyo zaidi ya hapo, kwa hisani ya farasi.

Mfupa ulivunjika mahali pawili. Bili ya hospitali nilikuja kuimaliza baada ya mwaka mmoja na nusu. Bima ya kazini haikuhusika, kwa sababu siku ile, kisheria, sikuwa kazini, nilikuwa nacheza. Hilo natamani mtu angeniambia kabla, kwa hiyo nawaambia vijana wote wanaokuja kule mazizini: soma karatasi ya bima kabla ya kununua kofia.

Mzee wa Chihuahua alikuja kuniona na mfuko wa machungwa. Akanyoosha mkono wake wa kushoto, akanionyesha kidole cha shahada ambacho sikuwa nimewahi kukiona vizuri. Hakikuwa na kiungo cha mwisho. Akasema kilikwenda siku ambayo kulikuwa na wasichana wanatazama. Tukala machungwa.

Nilirudi kazini baada ya wiki tisa. Nilikuta ng'ombe wangu wamezoeshwa kukimbizwa na kijana aliyeshika nafasi yangu, na kuwarudisha kwenye utulivu kulinichukua mwezi mzima wa kupita tu, kila siku, bila kumgusa hata mmoja. Kamba ilikuwa imening'inia tandikoni.

Jioni moja nikampigia baba kwa video. Anatumia simu ya mdogo wangu, anaishikilia karibu mno, unaona paji la uso na nusu ya kofia. Nikamwonyesha kidole. Akakitazama kimya. Nikaona nimchekeshe, nikamtumia video ya mwaka ule wa kwanza, mimi na chupa yangu na ng'ombe yule. Nilisikia mdogo wangu anaanguka kwa kicheko. Baba hakucheka. Akataka irudiwe.

"Huyo ng'ombe," akasema, "ndama wake yuko wapi?"

Nikamwambia ndama walikuwa zizi la nyuma, kama mita mia hivi.

"Mlimwacha anyonye kwanza?"

"Hapana, Baba."

"Alimwona, angalau?"

"Hapana."

"Sasa maziwa ulitaka yashuke kwa ajili ya nani?"

Nilinyamaza. Miaka yote ile nyumbani kazi yangu ya alfajiri, kabla ya shule, ilikuwa hiyohiyo: kufungua ndama, kumwacha asukume kiwele kwa kichwa mpaka mama atulie na chuchu zijae, kumvuta pembeni na kumfunga mbele ya pua ya mama yake, ndipo baba anachuchumaa na kibuyu. Ng'ombe aliyeogopa hatoi, hata ukikamua mpaka kesho. Nililijua jambo hilo kabla sijajua kusoma, na nilikuwa nimeliacha Kongwa kama mtu anavyoacha mwavuli.

Baba akaniuliza kama kidole kinaniuma wakati wa baridi. Nikamwambia kidogo. Akasema nikipake mafuta ya kondoo, halafu akamwita mdogo wangu aje aizime ile simu, kwa sababu yeye hajui pa kubonyeza.